Kura ya Kondoo Waliolowa

Kikaratasi cha tatu ndicho kilichomkausha mate Jabez Kerslake.

Cha kwanza alikisoma vizuri tu, kwa sauti ya kusikika banda zima, "Maji," na Corny Delahunty akachora mstari wa chaki upande wa kushoto wa nguzo. Cha pili, "Kavu," mstari upande wa kulia. Cha tatu akakifungua, na kabla hajaliona neno akamwona mtu. Ile M iliyotanua miguu kama ng'ombe anayekojoa ilikuwa ya yule Mwelshi anayenyolea karibu na mlango. Jumapili tatu Jabez alikuwa amemshika mkono akijaribu kuibana ile miguu, ikakataa katakata.

"Maji," akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

Akavitupia jicho vile viwili vya kwanza, vilivyokuwa bado juu ya goti lake. Walioviandika nao akawajua. Akatazama ndani ya kopo la biskuti, vikaratasi ishirini vimejikunja mle kama funza, akaelewa kwamba atawajua wote.

Wanaume walikuwa wamesimama wamemzunguka, mikono inang'aa mafuta ya sufu, suruali zimelowa mapajani. Kila mmoja alikuwa ameshanyoa kondoo wawili, maana ndivyo desturi ilivyo. Mvua ikinyesha, kila mnyoaji ananyoa wawili, anausikia unyevu kwa mikono yake na magoti yake mwenyewe, halafu anapiga kura. Maji yakishinda, makasi yanawekwa chini mpaka jua liwake na kondoo wakauke. Kavu ikishinda, wote wanainama, hata yule aliyekataa. Na aliyeshindwa ruhusa yake ni kununa mlo mmoja tu, mlo wa pili lazima aombe chumvi kama watu wengine.

Si mchezo lakini, kondoo aliyelowa. Unamkalisha kati ya miguu yako, maji yake yanakuingia mpaka mfupani, na joto lake linayapika hayo maji hapo hapo kiunoni. Makasi yanavuta badala ya kukata. Baada ya siku tatu watu wanaota majipu mahali pasipotajika. Jabez mwenyewe mwaka uliopita, kule banda la Tarcoola Creek, alinyoa wiki nzima ya kondoo wa namna hiyo, akalala wiki sita na homa ya viungo iliyoshuka mpaka kifuani. Daktari wa mji wa Bourke aliweka sikio akasikiliza, akamwambia safari nyingine asimletee kifua hicho yeye, akipeleke moja kwa moja kwa seremala wa majeneza.

Aliyemuuguza wiki zote sita alikuwa Amos Pettifer. Alimkanda kifua kwa mafuta ya kondoo, alimnywesha mchuzi, alimbeba kwenda nje. Amos si mtu wa maneno. Ana mikono kama sepetu, umri arobaini na kitu, na wakati ule hajui hata herufi ya jina lake.

Basi, Jabez alipopona akasema lazima amlipe huyu mtu kwa kitu anachokiweza, na kitu alichokiweza kilikuwa kimoja, kufundisha kusoma. Kunyoa wote walikuwa wanamshinda, maana Jabez alikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili na magoti yake yalishastaafu yeye bado.

Alikuwa mtu wa chama cha wanyoaji, na banda hili lilimchagua awe mwakilishi wake. Tangu ule mgomo mkubwa uliovunjwa na askari wa farasi, jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye daftari za mameneja wengi, na mabanda mengine yalimfukuza hata hajashuka kwenye baiskeli. Baiskeli yenyewe ilikuwa na sanduku nyuma, na ndani ya sanduku vitabu kumi na saba. Unaazima kimoja banda hili, unakirudisha banda lile, maili mia mbele. Wenzake wa chama walimwambia, Kerslake, watu wanataka bei ya kunyoa kondoo mia ipande, wewe unawapelekea vitabu. Yeye akawajibu kwamba bei ilipanda mara mbili ikashushwa mara tatu, ila mtu aliyejua kusoma hajawahi kumwona ameshushwa.

Hapa Yarrandool ndipo alipobuni shule yake. Vitabu vya watoto hakuna, na mtu mzima hataki kuvisoma. Lakini chumba cha marobota kilikuwa na mabati yaliyokatwa herufi, yale ya kupigia chapa robota la sufu kabla halijapanda mkokoteni: jina la shamba, daraja la sufu, namba. Jumapili mchana Jabez aliyatandika mabati sakafuni, akachukua brashi na wino mweusi, akawaambia, "Mnazipakia hizi herufi kila mwaka kama mizigo ya watu wengine. Leo tuzifungue tuone ndani."

Walikuja wanne, kisha tisa, kisha karibu banda zima isipokuwa Delahunty, na kilichowaleta hakikuwa mapenzi ya kusoma. Ilikuwa ni hii kura. Zamani walipiga kwa kuinua mikono, na Delahunty, ambaye ndiye bingwa wa banda, kondoo mia na themanini kwa siku na mabega ya mlango, aliinua wa kwanza halafu anageuka polepole kuangalia nani hajainua. Meneja naye, Bwana Strickland, alisimama kizingitini na kipenseli chake. Mtu alikuwa anainua mkono wa watu wengine. Jabez akawaambia mtu akijua kuandika neno moja tu, anaweza kusema lake bila jicho la mtu. Neno moja. Siyo kwamba awe askofu.

Kwa wiki saba wakajifunza, na siku hiyo ya Alhamisi ndiyo ilikuwa kura yao ya kwanza ya penseli. Delahunty mwenyewe alichora duara, maana waliafikiana asiyejua kuandika achore duara kwa maji na mstari kwa kavu.

Yule aliyewafundisha kuficha alikuwa amemshika kila mmoja mkono, na sasa kila mkono ulikuwa unamsalimia kutoka kwenye kopo. Mtu mzima, akili timamu, amefikiria yote, hili tu hakulifikiria.

Akaendelea kusoma. Angefanya nini? Maji, kavu, kavu, maji. Alijaribu kuvifungua haraka asione, akashindwa, kama mtu anayejaribu kutomtambua ndugu yake sokoni. Kikabaki kimoja. Nguzoni kulia kulikuwa na mistari kumi na moja, kushoto kumi na moja.

Akakifungua.

Sasa herufi za bati zina kitu kimoja: haziungani. Zina vipande katikati vya kuzuia bati lisidondoke, kwa hiyo kila herufi inatoka na mapengo. Wengine wote waliojifunza kwa mabati walishayaziba mapengo wiki ya pili. Mmoja tu alikataa. Yeye aliamini pengo ni sehemu ya herufi, na kwamba kuliziba ni uvivu. Aliyaacha kwa uangalifu, kila moja, akikandamiza penseli mpaka karatasi inatoboka.

KAVU, iliandikwa, na mapengo yake yote.

Jabez hakumwangalia Amos. Shingo ilimuuma kwa kujizuia.

"Kavu," akasema. "Kumi na wawili kwa kumi na mmoja. Tunanyoa."

Bwana Strickland kizingitini akaweka penseli mfukoni, akaenda zake mbio kabla hawajabadilisha mawazo. Meli ya mtoni ilikuwa inakuja kuchukua sufu yake.

Delahunty hakuiacha chaki. Alikuwa na majipu matatu tayari, na asubuhi wakati wa chai alizunguka meza yote akimuuliza mtu mmoja mmoja, maji au kavu, kama askari wa forodha. Amos alijibu na mkate mdomoni, maji tu, nani hajaona.

"Kumi na wawili walisema maji asubuhi," Delahunty akasema. "Niliwahesabu. Vidole vya mkono viliisha nikaongeza viwili vya mguu. Sasa yuko mmoja hapa anakula nyama na sisi, anatapikia kwa meneja."

Kondoo mmoja akakohoa kule zizini.

"Profesa." Hilo ndilo jina alilompa Jabez tangu siku ya baiskeli. "Sema ni nani."

"Kura ni ya siri, Corny."

"Siri kwangu mimi nisiyejua kusoma. Kwako wewe siyo siri. Umewafundisha wote hawa, mwandiko wa kila mtu unaujua kama mama anavyojua kilio cha mwanawe."

Ndipo Jabez akaziona nyuso zikibadilika. Hata wale waliopiga kavu kwa haki yao, waliosema kavu asubuhi bila kuficha, waliangalia viganja vyao kama vimewasaliti. Wiki saba alizowajenga zilikuwa zinashuka ngazi moja moja mbele ya macho yake. Na alijua kitakachompata Amos likitajwa jina. Banda hilo lilishawahi kumtembeza mtu maili nne hadi lango la shamba bila viatu, na mshahara hulipwa mwisho wa kazi tu, siku ya kondoo wa mwisho, ambayo kila kura ya maji huichelewesha. Anayetoka kabla, hana lake.

Neno hilo, kabla. Lilimjia lenyewe.

Wiki mbili nyuma Amos alipata barua ya mkewe, Hetty, barua ya kwanza maishani mwake ambayo hakumpa mtu amsomee. Alikaa nayo juu ya robota mchana mzima. Mwisho akaja kwa Jabez, ameifunika barua yote kwa kofia, limebaki neno moja tu nje kama mguu wa mtoto nje ya blanketi. Hili ni nini? Jabez akamwambia ni "kabla". Kabla ya nini? akauliza naye, kwa mzaha. Amos akacheka, jambo la nadra, akasema hayo sasa yako chini ya kofia. Kila mtu kambini alijua Hetty ana mimba, na kwamba mbili za mwanzo zilikwenda na maji. Kilichoandikwa hakuna aliyejua.

Jabez akainuka. Magoti yalilia wote wakasikia. Akalichukua kopo, akaenda mpaka kwenye ndoo ya lami, ile ya kupaka kondoo wanapokatwa na makasi, akamwaga vikaratasi vyote mle, akavikoroga kwa kijiti taratibu kama anakoroga uji wa mgonjwa.

"Sasa hata kwangu ni siri," akasema.

Uongo, na kila mtu alijua ni uongo. Delahunty akatazama ile ndoo, akamtazama yeye.

"Basi ni wewe," akasema, na safari hii hakupandisha sauti. "Wa kumi na mbili ni wewe. Mtu hachomi nyumba kumficha mwizi mwingine, anachoma kujificha mwenyewe."

Wenzake walingoja akatae. Angekataa wangemwamini nusu, nusu nyingine ingeanza kutafuta mwingine.

"Kila mtu ana haki ya kufikiri anavyofikiri," akasema Jabez, akaenda zizini, akamkamata kondoo wake kwa miguu ya mbele, akamvuta. Manyoya yalichuruzika.

Kengele ikalia, wakanyoa. Jabez alianza na tumbo kama kawaida, baridi ikamwingia tumboni mwake mwenyewe. Kutwa nzima hakuna aliyemwambia neno isipokuwa kuhusu makasi. Amos alinyolea nafasi ya pili kutoka kwake, na alinyoa vibaya, alikata ngozi mara nyingi, kila mara anaita lami, na kila lami ilipokuja, pale kijitini palikuwa na kipande cha karatasi.

Saa ya chai ya alasiri Amos alimkuta kwenye tangi la maji.

"Jabez, ile kura..."

"Sikuiona."

"Uliiona. Mimi nilijua tangu ulipokifungua, shingo yako ilikakamaa. Mwaka jana nimekukanda kifua hicho kwa mikono hii, halafu leo mkono huu huu..." Akauangalia kama wa mtu mwingine. "Hetty anasema..."

Jabez akainua kikombe katikati yao. "Ile barua uliifunika kwa kofia, siyo? Ukafanya vizuri. Funika na hii, ndugu yangu."

"Lakini wanakula nyama yako wewe."

"Nyama ya mzee ngumu, watachoka." Akanywa. Alitaka sana kuuliza, kabla ya nini. Hamu hiyo ilikuwa kubwa kuliko kiu. Akarudisha kikombe kwenye msumari wake.

Jumamosi mchana Delahunty akaitisha kura nyingine: Kerslake aondolewe uwakilishi wa banda au abaki. Haki yake, sheria za chama zinasema hivyo, na aliyemsomea sheria hizo alikuwa Jabez mwenyewe. Jabez akaomba jambo moja tu. Akasema asiandike mtu. Akaenda kwa mpishi akarudi na gunia la maharage, kisha akazunguka nyuma ya zizi akarudi na kofia imejaa mavi ya kondoo makavu, yale madogo ya mviringo. Akasema kila mtu achukue harage moja na gololi moja ya kondoo, aingize ngumi kwenye kopo, aachie anachotaka. Harage abaki, hilo jingine aondoke. Vyote ukubwa mmoja, mlio mmoja, na havina mwandiko.

Walicheka, mara ya kwanza tangu Alhamisi. Yule Mwelshi akaonya kopo lisirudi kwa mpishi.

Delahunty tu hakucheka. Alikuwa anafikiri, na Delahunty akifikiri unaweza kuona inavyopanda. "Ngoja kwanza, Profesa. Ulituambia lazima mtu ajue kuandika ndiyo apige kura ya siri. Hii hata mbuzi anapiga. Sasa Jumapili watu wanakuja kwako kufanya nini?"

Hakuwa anamdhihaki. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Kwa wiki saba Jabez alikuwa na jibu moja tu, na jibu hilo alikuwa amelizika mwenyewe kwenye ndoo ya lami.

"Sijui, Corny," akasema. "Naona wataniambia wao."

Kopo likazunguka, ngumi ishirini na tatu. Likamwagwa juu ya meza ya sufu na Delahunty akatenganisha kwa kidole. Maharage kumi na moja. Mengine kumi na mbili. Jabez akavua kifuani kibeji cha shaba cha mwakilishi, akakiweka mezani kati ya mafungu mawili, akatazama duara la nyuso. Amos alikuwa ameinamisha kichwa. Aliachia lipi? Harage, kwa deni la moyo? Au lile jingine, ili mtu asimshuku? Jabez akagundua hajui. Wala hana njia ya kujua, hata milele. Pamoja na yote, pamoja na kifua kilichoanza kukwaruza tangu alfajiri, alisikia kitu ndani yake kikilegea kama mkanda wa suruali baada ya mlo.

Jioni ile mleta barua alipita na farasi wake wawili.

Jumapili mchana watu wa Yarrandool walifua nguo, walinyoana ndevu, walipakana dawa ya majipu wakitukanana. Jabez alienda chumba cha marobota kama kawaida, kwa sababu miguu ilishazoea. Akatandika mabati sakafuni, A mpaka mwisho. Akafungua kopo la wino. Akakaa. Kikohozi kilikuwa kimeshuka chini na kukaa hapo kwa heshima, kama mgeni anayejua atakaa muda mrefu.

Akasubiri. Mlangoni palipita jua, pakapita kuku, pakapita Delahunty, akapunguza mwendo, akatazama yale mabati, akaendelea.

Halafu akaingia Amos Pettifer. Hakusalimu. Alipanda juu ya robota la mwisho kabisa, lile la pembeni, akakaa akimpa mgongo, na Jabez akasikia bahasha ikichanwa polepole, kwa kidole kinene kinachoogopa kuharibu.

Robota lilikuwa na chapa mpya ubavuni, YARRANDOOL, herufi zote na mapengo yake. Juu yake ule mgongo mpana. Kichwa kilikwenda kushoto, kikaenda kulia, kikarudi. Kikasimama mahali. Kikarudia mstari ule ule tangu mwanzo.

Kikohozi kikampanda Jabez kooni. Akakibana. Akaushika mdomo kwa mikono yote miwili mpaka machozi yakamtoka, akageukia ukutani asiuone hata ule mgongo, na mle chumbani hapakusikika kitu isipokuwa pumzi ya mtu anayesoma, neno kwa neno. Akasubiri hivyo, amegeuka, huenda akaulizwa neno moja.